Jiwe Lisilo na Kovu

Mwezi wa nane familia yetu ilifungua kundi la WhatsApp la kupanga mahari ya dada yangu, na kufikia siku ya tatu watu wawili walikuwa wameshatoka kwa hasira na mmoja amerudishwa kwa nguvu. Hawakugombania pesa. Swali lilikuwa nani atatusemea. Baba hatukumjua vizuri, tulilelewa kwa nyanya upande wa mama, huko Kitale, na kwa desturi za nyumbani anayesimama mbele ya wageni kwa hali kama yetu ni mjomba. Tuna mjomba mmoja tu. Dada aliandika sentensi moja: "Huyo asiniongelee."

Anko hakujibu kwenye kundi. Alinipigia mimi usiku, nikiwa nimekwama kwa jam ya Jogoo Road, konda akigombana na mama mmoja juu ya chenji.

"Mwambie dadako yule mtu alikufa," akasema. "Hata mimi simjui. Nikisikia hadithi zake naona aibu kama nyinyi."

Nilipomfikishia dada ujumbe alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sawa. Kama alikufa, nani alirithi deni?"

Nimezunguka na swali hilo tangu siku hiyo. Nimelipeleka kazini, nimelala nalo, nimejaribu kulijibu kwa niaba ya kila mmoja wao. Na aliyenisaidia kuliona vizuri hakuwa mchungaji wala rafiki. Lilikuwa jiwe, tena jiwe ambalo sitawahi kuliona kwa macho yangu. Najua inavyosikika. Nifuate tu kidogo.

Jiwe lenyewe linaitwa Hygiea. Liko kwenye ukanda mkuu wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii (yale majina ya sayari tuliyokariri shule ya msingi tukiamini hatutayahitaji tena maishani). Upana wake ni kilomita 430 na kidogo juu. Yaani ukingo mmoja ukiwa Nairobi, mwingine unakaribia kugusa Mombasa. Linalizunguka jua mara moja kwa kila miaka mitano na nusu hivi. Kwa ukubwa ni la nne kwenye ukanda huo, baada ya Ceres, Vesta na Pallas, lakini kwa kugunduliwa lilikuwa la kumi, na sababu ni rangi. Hygiea ni jiwe la kaboni, jeusi kama lami mpya, linarudisha kama asilimia saba tu ya mwanga wa jua unaolipiga. Mawe madogo kuliko lenyewe, lakini yenye kung'aa, yalionekana mapema. Hata angani weusi unakuchelewesha foleni, lakini hiyo ni insha ya siku nyingine.

Aliyeliona kwanza ni Annibale de Gasparis, akiwa Naples, tarehe 12 Aprili 1849. Mkubwa wake, Ernesto Capocci, akalipa jina Igea Borbonica. Igea ni mungu wa kike wa afya katika hadithi za Wagiriki. Borbonica ilikuwa njia ya kujipendekeza kwa wafalme wa ukoo wa Bourbon waliotawala Naples wakati huo. Wanaastronomia wa nchi nyingine hawakuwa na haja na wafalme hao, na kufikia 1852 mwenzao wa Uingereza, John Russell Hind, aliandika kwamba kile kijina cha nyuma hakina kazi na kila mtu ameshakiacha. Miaka tisa baadaye ukoo wenyewe ukapoteza kiti cha enzi. Nchi iliyogeuza Delamere Avenue kuwa Kenyatta Avenue haihitaji kuelezwa zaidi.

Sasa njoo 2019. Kundi la watafiti lililoongozwa na Mfaransa Pierre Vernazza lilielekeza darubini kubwa ya VLT, iliyo Paranal kwenye jangwa la Chile, kwa Hygiea. Kabla ya hapo lilikuwa limeonekana kama nukta tu, au ukungu. Safari hii picha zilikuwa safi za kutosha kuonyesha umbo na sehemu karibu yote ya uso wake. Na walikuwa na kitu mahususi walichotarajia kukiona. Walitarajia kovu.

Waliliwazia kovu hilo kwa sababu ya jamaa zake. Mwaka 1918 Mjapani Kiyotsugu Hirayama aligundua kwamba baadhi ya asteroidi husafiri katika njia zinazofanana mno kuwa bahati, na akaeleza kwamba ni vipande vya mwili mmoja uliovunjika zamani. Akaviita familia. Neno hilo hilo, na wanasayansi wanalitumia hadi leo bila kucheka. Hygiea ina familia kubwa sana, karibu vipande 7,000. Kwa hiyo ilijulikana kwamba kuna siku liligongwa vibaya. Jiwe jirani, Vesta, nalo liligongwa likazaa familia, na shimo lake lipo: bonde linaloitwa Rheasilvia, pana kilomita 500 hivi, wakati Vesta yenyewe ina kama kilomita 525. Ni kama mtu aliyepigwa ngumi na uso wote ukageuka ngumi. Basi wakakaa kungoja kuona shimo la Hygiea.

Hakukuwa na shimo. Waliona kreta mbili ndogo tu, zisizoweza hata kidogo kuzaa familia ya ukubwa ule. Badala yake waliona duara, laini kiasi kwamba watafiti walisema huenda Hygiea ikastahili kuitwa sayari kibete, ndogo kuliko zote katika mfumo wetu wa jua. (Katika kupima walijua pia kwamba siku yake ni ya kama saa 14, nusu ya ilivyodhaniwa awali. Kumbe hata mwendo wake tulikuwa tumeukosea.)

Wakarudi kwa kompyuta, wakaigiza mgongano mara nyingi hadi wakapata maelezo yanayoingia. Kama miaka bilioni mbili iliyopita, kitu chenye upana wa kati ya kilomita 75 na 150 kilikuja kikaligonga jiwe mama uso kwa uso. Jiwe halikutoboka. Lilivunjika lote. Vipande vikatawanyika, kisha uvutano ukaanza kuvirudisha, na mwamba uliovurugika vile ukatiririka kama uji mzito hadi ukatulia katika umbo ambalo kila kitu kinachotiririka angani hupenda kulichukua, yaani duara. Vingine havikurudi. Hivyo ndivyo 7,000.

Ona basi lilivyo jambo la ajabu. Ukiliangalia Hygiea peke yake, huwezi kujua kwamba liliwahi kuvunjika. Ni zuri, limetulia, limekamilika. Ushahidi wote wa ajali uko kwa familia.

Nilipofika hapo kwa kusoma nilizima simu, nikaangalia dirisha la matatu kwa muda.

Januari 2009 dada aliitwa shule ya bweni, kidato cha kwanza. Barua aliiweka ndani ya Biblia ya nyanya isikunjike. Nyanya akauza mtamba, akapata shilingi 22,500, akampa anko azipeleke benki mjini kwa sababu shule haikupokea pesa mkononi, ilitaka risiti ya benki. Anko alitoka asubuhi na shati safi. Alirudi siku ya kumi na moja.

Pesa nyingine zilikuwa chang'aa, nyingine aliibiwa akiwa amelala mtaroni, ndivyo alivyosema, na sina sababu ya kudhani alidanganya. Nafasi ya dada ilichukuliwa. Akaingia shule ya kutwa ya karibu, yenye maabara ya jina tu, na hamu yake ya kuwa muuguzi ikaisha polepole, bila siku maalumu ambayo ungeweza kuionyesha kwa kidole. Leo ana saluni Kangemi. Inaendelea vizuri. Na kwa kichwa ananishinda mbali, niseme tu ukweli.

Nisimwonee anko. Mwaka mmoja kabla, mwanzoni mwa 2008, kibanda chake cha spea za baiskeli kilichomwa katika zile siku ambazo watu wa rika letu tunazikumbuka kwa harufu. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa chai na redio. Kitu kilitoka mbali kikamgonga, na hakukichagua. Mtu akiniambia kwamba jiwe halina hiari na binadamu anayo, kwa hiyo mfano wangu umeanguka, namwambia sijui mpaka wa hiari ya anko ulikuwa wapi mwaka ule. Alikuwa na hiari ya kutosha kuvaa shati safi.

Aliacha pombe 2017. Sasa ni fundi wa mawe Eldoret, anaheshimika, vijana anaowafundisha kazi wanamwita mwalimu. Nyanya amemjengea nyumba. Ukikutana naye leo utampenda, na utajiuliza dada ana shida gani.

Hapo ndipo swali linakuwa gumu, maana anko hatanii anaposema yule mtu alikufa. Anaamini. Na wako watu wazito waliowahi kusimama karibu na anaposimama. John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba kinachomfanya mtu kuwa yuleyule ni fahamu, ile kamba ya kumbukumbu inayokuunganisha na matendo yako ya jana. Mwili ni gari tu. Kama huwezi kabisa kulikumbuka tendo kama lako, basi kwa maana fulani aliyelitenda si wewe. Anko anasema usiku mwingi wa wiki ile haukumbuki hata chembe. Locke mwenyewe aliuona mtego huu na akautaja mlevi moja kwa moja: kwa nini sheria inamwadhibu mtu akiwa timamu kwa alichofanya akiwa amelewa, wakati hakumbuki? Jibu lake, nikilifupisha, ni kwamba mahakama ya binadamu haiwezi kupima nani anakumbuka kweli na nani anajifanya, kwa hiyo inaadhibu kile inachokiona.

Jibu hilo haliniridhishi. Linamfanya dada aonekane kama hakimu asiye na kipimo kizuri zaidi. Kana kwamba kungekuwa na mashine ya kuthibitisha kwamba anko hakumbuki, dada angepaswa kufunga faili aende nyumbani.

Kuna lile fumbo lingine la zamani, la meli ya Theseus aliyoiandika Plutarch: mbao zinaoza moja moja, zinabadilishwa, hadi hakuna ubao wa kwanza uliobaki. Je, ni meli ileile? Thomas Hobbes akaongeza uchokozi wake: tuseme mtu alikuwa akiokota kila ubao uliotupwa, mwishowe akaziunganisha. Sasa meli ni mbili. Ipi ndiyo yenyewe?

Hygiea ni fumbo hilo likiwa na ukubwa wa safari ya Mombasa. Kuna mwili mkubwa uliojikusanya, na kuna maelfu ya vipande vilivyotoka kwa mama yuleyule. Nani ana haki ya jina? Kwa vitendo wanaastronomia walishaamua bila kuumiza kichwa: jina limekwenda kwa kipande kikubwa. Vingine vyote vinaitwa familia ya Hygiea. Hata vilivyorushwa vinaitwa kwa jina lake. Nyumbani ni vivyo hivyo. Ukiuliza mtaani kwetu dada yangu ni nani utaambiwa, "Ni yule mpwa wa fundi."

Na fanya hesabu ndogo. Familia nzima ikikusanywa mahali pamoja inalingana na tufe lenye upana wa kilomita 100 hivi. Kwa ujazo hiyo ni kama asilimia moja ya Hygiea. Ukiwa Hygiea, ulipoteza asilimia moja, tena zamani sana, na sasa uko poa. Ukiwa moja ya vile vipande, huwezi kusema ulipoteza asilimia moja. Wewe ndiwe kilichopotea.

Nadhani hii ndiyo sababu anko na dada hawasikilizani. Anko akipiga hesabu anaona 22,500 dhidi ya nyumba ya mawe, bati, tangi la maji, dawa za nyanya za kila mwezi. Amelipa mara ishirini. Dada anaposikia habari ya nyumba anasema, "Ni nyumba nzuri. Mimi sijalala ndani."

Tuache anga kidogo. Hoja ya "yule alikufa" haikutungwa na anko. Imewahi kusikika mbele ya majaji, London, dhidi ya wazee wa kwetu. Walionusurika kwenye kambi za kizuizi za miaka ya 1950 walipoishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso, mawakili wa serikali hiyo walijibu, miongoni mwa mengine, kwamba aliyehusika alikuwa utawala wa koloni, kwamba utawala ule uliisha Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, na kwamba kama kuna deni basi lilihamia kwa serikali ya Kenya. Wazee waliopigwa waende wakajidai wenyewe. Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuitupa kesi. Juni 2013 William Hague alisimama bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akatangaza pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 pamoja na gharama za kesi, na katika hotuba hiyohiyo akasema serikali yake bado haikubali kuwajibika kisheria. Soma tena. Tunalipa, tunasikitika, lakini si sisi.

Kilichowasaidia wazee sana ni makaratasi. Mafaili ya koloni yaliyoondolewa hapa wakati wa uhuru, yakafichwa Uingereza miaka mingi, yakajitokeza kesi ikiendelea. Kule katikati kulikuwa kumepanguswa pakawa laini. Ushahidi ulikuwa umetawanyika: kwenye masanduku, na kwenye miili ya watu vijijini.

Linganisha na tulichofanya wenyewe 2010. Tulipata katiba mpya Agosti 27, tukaimba, tukasema Kenya imezaliwa upya. Lakini kule nyuma kabisa, kwenye Jedwali la Sita ambalo hakuna mtu hulisoma, kuna kifungu kinachosema kwamba haki na wajibu wa serikali iliyokuwapo vinaendelea chini ya katiba hii. Waliokuwa wanaidai Kenya ya jana waliendelea kuidai ya leo. Jamhuri ilijiandika upya na haikudai kwamba yule mwingine alikufa. Mambo makavu ya kisheria, lakini kwangu mimi ni sehemu ya heshima kuliko zote katika hati ile.

Nikirudi kwa swali la dada, naona alikuwa mbele ya Locke. Hakubishana juu ya nani ni nani. Alikubali kabisa kwamba mtu alikufa, kisha akauliza mambo ya urithi. Kwa sababu tuseme ni kweli: yule mlevi amekwenda, na fundi ni mtu mwingine. Huyu fundi alipata wapi mikono? Alipata wapi kitambulisho, jina, mama wa kumjengea nyumba, kiti cha mjomba kwenye mahari? Vyote aliachiwa na marehemu. Huwezi kwenda kwenye matanga ukachukua shamba, ng'ombe na redio, halafu anayedai akija unamwambia marehemu hatukujuana. Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna methali niijuayo inayosema dawa ya deni ni kubadilika.

Lakini hapo nami nasita, maana kuna kitu ambacho mabadiliko yanapaswa kukinunua, la sivyo nani atajisumbua kubadilika? Nadhani kinachonunuliwa ni lawama. Kumchukia fundi wa leo kwa usiku wa 2009, kumtazama kila akishika kikombe, kumwita kwa jina la zamani akikosea kidogo, huo ni ukatili, na nimeuona ukifanywa na watu wasiodai chochote, jamaa wa mbali wanaofurahia tu kuwa na mtu wa kumshusha. Lawama inamfuata mwenye tabia. Tabia ikiisha, nayo ipungue. Deni halifuati tabia hata kidogo. Deni linakaa kwa anayedai, na yeye hakubadilika. Yuko palepale, na maisha aliyoyapata.

John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Afrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayatumia kuelezea wakati. Kwa maelezo yake aliyekufa haingii Zamani papo hapo. Anabaki ndani ya Sasa maadamu wapo waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Wengi wamembishia Mbiti kuhusu wakati wa Waafrika, na baadhi wana haki, lakini hapa aliona kitu. Anko hana uwezo wa kumpeleka yule mlevi Zamani peke yake. Funguo za mlango huo si zake. Dada bado anamkumbuka kwa jina, kwa shati, kwa saa aliyotoka nyumbani.

Tulifundishwa shuleni kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Nimeandika insha ya methali hiyo mara mbili, zote nikimzungumzia mwenye kovu. Hakuna mwalimu aliyetuuliza juu ya asiye na kovu, yule aliyepona akawa mviringo, ambaye ukitaka kujua kilichotokea itabidi utoke kwake uende ukaulize wengine. Kumwambia dada anyamaze, ati anaharibu sherehe yake mwenyewe, ni kuomba ushahidi wa mwisho nao uchukuliwe. Ukiondoa familia, Hygiea ni duara tu ambalo halikuwahi kupatwa na lolote.

Mama mdogo alimpeleka nyanya kwenye simu ya video ili amalize ubishi. Wote walitaraji angesema tusamehe, yaishe. Nyanya ana miaka themanini na kitu, hana haraka na mtu. Anko alikuwa kwenye simu pia. Akaanza tena ile ya yule mtu alikufa, nyanya akamkata.

"Mimi nilizaa mmoja," akasema. "Sikuzaa wawili."

Sikumbuki mtu mwingine yeyote aliyewahi kumnyamazisha anko hivyo, mlevi au timamu. Na sikuona kama alikuwa anamlaumu. Usiku ule alikuwa anamtafuta mtaroni alikuwa akimtafuta huyuhuyu. Ukikubali kwamba yule alikuwa mwingine, basi nyanya alimlilia nani miaka minane?

Nina jambo langu la kukiri ambalo dada analijua na hajawahi kulisema. Kwa sababu ya 2009, nyanya hakumwamini mtu tena na pesa ya karo. Zamu yangu ilipofika, 2013, alivaa viatu, akanishika mkono, tukaenda benki pamoja, tukapanga foleni saa mbili. Nikaenda bweni. Nikaenda chuo. Naandika haya kwa kompyuta yangu mwenyewe. Mimi pia ni kipande cha ajali ile, ila niliangukia pazuri, na kila nikimshauri dada "aachilie" nasikia sauti yangu ikitoka kwenye shule aliyopaswa kuisoma yeye. Kwa hiyo nimeacha kumshauri.

Wiki mbili zilizopita anko alimtumia M-Pesa. Shilingi 22,500 kamili, bila riba, bila ujumbe. Dada alinipigia akiwa na mteja kwenye kiti, nasikia mashine ya kukausha nywele nyuma yake.

"Ametuma," akasema.

"Umefanya nini?"

"Nimerudisha."

Nikashusha pumzi. Nikafikiri basi, imekwisha, tutatafuta msemaji wa kukodi, wapo.

"Nimemwambia sitaki ya simu," akaendelea. "Aje Kitale Jumamosi na cash. Tutatoka nyumbani kwa nyanya, mimi na yeye, kwa miguu hadi stendi, tupande gari, twende ile benki. Apange foleni. Aweke. Anipe risiti mkononi. Kisha aongee na hao wageni anavyotaka, hadi jioni."

"Na amesema nini?"

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane. Anko alikuwa amemkumbusha kwamba benki ile ilibadilishwa jina kitambo, na ilihama, sasa iko jengo la pili kutoka sokoni. Kwa hiyo alitaka kujua anamaanisha ipi.

"Nikamwambia ni ileile," dada akasema. "Na avae shati safi."